Hodi ya Nne

Nianze na aibu yenyewe, maana wenzangu wa mtaa wa Al Nahda wameshaisimulia sana na kila mmoja anaitia chumvi yake: mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye shahada ya sosholojia na wajukuu wawili Tanga, nilisimama katika korido ya ghorofa ya saba nimevaa dera, hina mbichi kichwani, mfuko wa plastiki wa dukani juu ya hina, nikamwambia askari polisi wa Dubai kwamba jirani yangu amekufa. Hakuwa amekufa. Hakuwa hata na mafua.

Sasa kabla hamjaendelea kucheka (najua mmeshaanza), nipeni nafasi niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu kila hatua niliyochukua siku ile ilikuwa na akili yake, ila zilipopangwa kwa mstari ndipo zikawa wazimu.

Kwetu hodi ni tatu. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa sijafika kimo cha komeo: ya kwanza ni kumwamsha aliyelala, ya pili ni kumpa nafasi aliyevua avae, ya tatu ni kumwachia aamue kama anakutaka. Isipoitikiwa ya tatu unageuza, unakwenda zako, hata kama redio unaisikia inaimba ndani, wala hununi. Hodi ya nne, alisema bibi, ni ya mwizi au ya askari. Nimeishi kwa hesabu hiyo maisha yangu yote na haijawahi kuniangusha, na nilipokuja Dubai miaka mitatu iliyopita nikaikuta haina kazi, kwa sababu huku hakuna anayepiga hodi hata moja. Mlango wa mtu ni mlango wa mtu. Anayegonga ni mleta chakula, naye ana haraka, au ni mkaguzi wa nyumba, naye hafunguliwi.

Mji huu nimeuchunguza na daftari ninalo. Nimeandika kuhusu mwanamke anayemsukuma paka kwenye kigari cha mtoto huku mtoto mwenyewe anatembea kwa miguu. Nimeandika kuhusu watu wa kwenye lifti, wanaotazama namba za ghorofa kwa bidii kama watakaozifanyia mtihani wakishuka, ilmuradi jicho lisikutane na jicho. Niliandika makala ndefu kabisa nikiwalaumu watu wa mji huu kwamba hawajuani, nikaituma kwa marafiki nyumbani, wakanisifu. Shikeni hilo, tutalirudia, nami sitatoka salama.

Flati yetu ina vyumba viwili kwa mujibu wa mkataba na vyumba vinne kwa mujibu wa mbao za plaiwudi. Tunakaa wanawake sita. Mwenye mkataba ni Nakato, Mganda, msusi, mwanamke mpana wa mwili na mwembamba wa maneno, tunamwita Madam kama tunavyowaita waajiri wetu, kwanza kwa utani, siku hizi kwa woga. Sheria ya Madam ni moja tu na aliniambia siku ya kwanza nikiwa bado nimeshika begi: "Mlango wetu hauiti macho." Maana yake, usipige kelele, usigombane na mtu koridoni, usimlete askari wala mkaguzi kwenye ghorofa hii kwa sababu yoyote, maana kugawa vyumba kwa mbao ni kosa huku, na akiziona zile zetu tunatoka wote sita. Na si sisi tu. Karibu kila mlango wa ghorofa ile una mbao zake.

Isipokuwa mlango unaotazamana na wetu. Pale alikaa mzee mmoja wa Kihindi, peke yake, na kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema neno nilimjua kwa sauti nyingine: kikohozi chake alfajiri, na sufuria yake ile ya mvuke, inayopiga filimbi mara tatu kila siku saa moja ya jioni. Nikampa jina la Bwana Filimbi. Nilikuwa nikisikia filimbi ya tatu na mimi nabandika chai. Tuliishi hivyo miaka mitatu, yeye akipika dengu zake na mimi nikiweka saa yangu kwa dengu zake, na nikikutana naye kwenye lifti tunatazama namba.

Jumatano ile filimbi haikulia. Alhamisi haikulia. Ijumaa nikakaa na birika mkononi mpaka Chebet, mdogo wetu wa Kericho anayefanya kazi ya ulinzi kwenye duka kubwa, akaniuliza, "Auntie, hiyo birika unaingojea ikuongeleshe?"

Nikamwambia yule mzee hajapika siku ya tatu.

"Labda ameanza kuagiza chakula."

Mzee wa dengu haanzi kuagiza chakula, nikasema.

Jumamosi asubuhi nikapaka hina. (Mvi zangu zina ujasiri kuliko mimi.) Nikavuta ule mfuko kichwani nikaufunga nyuma, na nikisubiri ishike nikasema acha nipeleke taka kwenye tundu la kutupia mwisho wa korido, dakika moja, nani ataniona. Nikatoka. Na pale mlangoni kwa Bwana Filimbi nikaona chupa kubwa mbili za maji, zimejaa, zile zile alizoletewa tangu Jumatano. Na kando ya chupa, ndara zake za ngozi, zimepangwa kisigino kwa kisigino.

Hapo ndipo nilipopotea, na msomaji wa kwetu atanielewa bila maelezo. Viatu vikiwa mlangoni mwenyewe yumo ndani. Huo si uvumi, ni ushahidi. Mtu haachi viatu nje akaenda zake peku. Na kulikuwa na harufu. Hafifu, lakini ipo, harufu ya kitu kilichokuwa hai.

Nikapiga hodi ya kwanza. Kimya. Nikangoja mtu aamke. Nikapiga ya pili, nikangoja mtu avae. Nikapiga ya tatu, nikangoja kwa adabu zote nilizofundishwa, taka mkononi. Kimya.

Nilishageuka. Wallahi nilishageuka, mguu mmoja ulishakuwa upande wa kwetu, na kama ningeufuata ule mguu msingekuwa na cha kusoma leo. Lakini nikafikiria: hii hesabu ya tatu ni ya mahali ambapo baada yangu atakuja mwingine. Kwetu nikiondoka mimi, saa nne atapita muuza samaki, saa sita mtoto wa jirani anarudisha kinu, alasiri wifi. Huyu mzee baada yangu atapigiwa hodi na nani? Nikaweka taka chini, nikapiga ya nne, kwa viganja vyote viwili.

Mlango uliofunguka ni wetu. Chebet akatoka na mswaki mdomoni, nyuma yake mlango ukajifunga wenyewe kama kawaida yake, naye hana ufunguo.

"Auntie, wacha hiyo maneno. Utaamsha ghorofa yote."

"Nusa," nikamwambia.

Akanusa. Akautoa mswaki. "Kuna kitu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Auntie, kuna kitu imeoza."

Tukagonga kwetu tufunguliwe. Madam akafungua nafasi ya jicho moja, mnyororo haujatolewa. Nikamweleza kwa haraka: filimbi, maji, ndara, harufu. Akasikiliza mpaka nilipofika kwenye harufu, hapo akawa kama mtu aliyekumbuka jambo, akapepesa jicho.

"Zuhura, hiyo harufu ni ya jengo tu," akasema. "Rudi ndani."

"Madam, mtu akifa ndani huko je?"

"Akifa, kampuni yake itamtafuta. Sisi tuko sita hapa. Ukiita polisi kwa ajili ya mmoja, hao sita unawapeleka wapi, banange? Chebet atalala wapi? Wewe mwenyewe?"

Vitanda sita upande mmoja, ndara mbili upande wa pili. Nilisimama pale hina ikianza kuchirizika shingoni, nikawaza kwamba nikirudi ndani na kesho wakamtoa mle kwa machela, nitasikia kimya cha saa moja jioni kila siku ya maisha yangu.

"Namwita natur," nikasema. Madam akafunga mlango.

Natur ndiyo jina la huku la mlinzi wa jengo. Wetu anaitwa Rafiq, alikuwa na miezi miwili tu kazini, kijana mpole wa Peshawar. Akapanda, akanitazama kichwani, akatazama pembeni kwa heshima. Daftari lake halikuwa na jina la mzee, lilikuwa na jina la kampuni iliyompangishia, na simu ya kampuni ikaita bila kupokelewa kwa kuwa ni Jumamosi. Funguo za watu hana. "Sister, khalas, nenda upumzike. Bila polisi mimi sifungui."

"Basi wapigie polisi."

"Sister una hakika?"

Jamani, swali hilo niliulizwa waziwazi, tena kwa upole. Nikasema nina hakika.

Habari ilishuka na kupanda ngazi kabla polisi hawajaegesha gari. Sijui ilivyosambaa, najua tu kwamba mlango wa pembeni ulifunguka, akatoka kijana na godoro limekunjwa kichwani, akafuatwa na mwingine na jiko la gesi, kisha milango yote ikawa inatema watu, Wanepali, Wafilipino, Wakameruni, mmoja na kapu la nguo mbichi, mmoja na feni inayoburura waya, wakielekea kwenye ngazi bila neno. Chebet alihesabu kumi na saba kutoka mlango mmoja peke yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa sijawahi kuwaona majirani zangu. Siku ile niliwaona wote, kila mmoja na godoro lake, na kila mmoja aliponipita alinitazama kwanza usoni, kisha mfukoni, namaanisha ule wa kichwani.

Polisi walikuwa wawili, safi, wananukia udi. Mkubwa wao akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama unavyosema na mgonjwa.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Anaitwa nani?"

Nawaomba mkumbuke ile makala yangu. Ile niliyowalaumu watu wa mji huu. Nilifungua mdomo, hina ikaingia jicho la kushoto, nikasimama pale nimefumba jicho moja mbele ya dola, na jina pekee nililokuwa nalo lilikuwa Bwana Filimbi.

"Sijui jina lake," nikasema. "Lakini najua anakohoa alfajiri na anapika saa moja."

Askari hakucheka. Akaandika. Sijui aliandika nini na sitaki kujua. Halafu mwenzake akainua pua, akanusa, wakatazamana, wakanena Kiarabu kidogo, na baada ya hapo kila kitu kikaenda mbio. Fundi wa kufuli akaja na mashine, kitasa kikatobolewa, vumbi la chuma likamwagika juu ya zile ndara. Mlango ukasukumwa. Mimi nikaanza kumsomea marehemu.

Flati ilikuwa safi kuliko yetu. Kitanda kimetandikwa. Sufuria ya filimbi imeoshwa, imefunikwa kwa kitambaa. Kwenye friji imebandikwa picha ya msichana anayecheka.

Na kengele ya lifti ikalia nyuma yetu.

Akatoka Bwana Filimbi, na sanduku la magurudumu, na katoni lililofungwa kamba, miguuni viatu vipya vya michezo vyeupe kama mayai. Akatazama mlango wake. Akatazama shimo palipokuwa na kitasa. Akatazama polisi, na fundi, na Rafiq, na Chebet mwenye mswaki.

"Nilikuwa kwetu Kerala," akasema. "Nilikwenda kumuoza binti yangu. Siku nne. Kuna nini?"

"Waliogopa umekufa," askari akamwambia.

"Nani aliogopa?"

Walisogea tu, wakaniachia nafasi katikati. Mzee akanitazama kuanzia mfuko mpaka miguuni, na kuna mambo nimesahau ya siku ile lakini sentensi yake iliyofuata naijua kwa moyo.

"Na huyu ni nani?"

Miaka mitatu.

Askari mkubwa akafunga daftari lake. "Hakuna kosa, mama," akaniambia. "Siku nyingine gonga kwanza."

"Nimegonga mara nne," nikasema, na nadhani sauti ilipanda kidogo. Hapo ndipo alipocheka. Wakaondoka bila kutupia jicho mlango wetu wala mlango wa mtu mwingine; zile mbao hazikuwa habari yao siku ile. Ila kabla ya kuingia lifti alimwambia Rafiq atafute ile harufu inatoka wapi. Rafiq akafungua kabati la mita za umeme, hatua tatu kutoka mlangoni kwetu. Ndani kulikuwa na sinia, juu ya sinia gazeti, juu ya gazeti dagaa wamelowa jasho la Agosti. Dagaa kwetu, omena kwa Chebet, na kwa Mganda mukene. Rafiq akauliza ni wa nani. Watu wakatazamana. Mlango wetu ulikuwa wazi nafasi ya jicho moja, na lile jicho lilikuwa likinitazama mimi.

"Sijui," nikamwambia Rafiq. "Hapa watu hatujuani."

Jicho likafunga mlango.

Jioni tulikaa kikao jikoni, ndiko pekee tunakoenea wote sita, wawili juu ya ndoo. Hina ilikuwa imekaa kichwani kwa muda wa saa kumi, nywele zilikuwa rangi ya taa ya trafiki ikikwambia simama. Madam akasema alichosema: nilivunja sheria ya nyumba, watu wamekaa juani na magodoro kwa ajili yangu, na mwisho wa mwezi nitafute pengine. Wengine wakatazama sakafu.

Chebet akasema, "Auntie si uombe tu msamaha yaishe. Sema hutarudia."

Mngenijua mngejua kwamba mimi ni mwepesi wa kuomba radhi. Namwomba radhi hata meza nikijigonga. Na ilikuwa rahisi, neno moja tu, na kitanda changu kingebaki. Nikasema: "Kitasa nimekiombea radhi kwa mwenyewe na kipya kimeshatiwa, gharama ni yangu. Waliokaa juani nitawaomba radhi mmoja mmoja kwenye lifti, wakinitazama wasinitazame. Lakini kugonga siombi radhi. Ningekuta ndara zile kesho, ningegonga tena."

"Na kama yumo Kerala?" Madam akauliza.

"Basi nitakuwa mjinga tena. Afadhali nigonge mlango wa aliye hai mara mia kuliko nimpite mmoja aliyekufa."

"Mwisho wa mwezi," Madam akasema. Kuhusu sinia la dagaa hakusema, nami sikusema, ingawa ulimi uliniwasha mpaka nikaunywesha chai.

Mwezi ule nilikuwa kichekesho cha jengo. Kijana wa Kinepali wa godoro la kwanza alinikuta kwenye lifti, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sister, leo niko hai." Wenzake wakacheka. Kesho yake akasema tena, na mwenzake akadakia, "Na mimi, sister, mzima kabisa." Mpaka mwisho wa wiki karibu kila aliyeingia lifti ananitangazia uhai wake, mwingine ananionyesha na mapigo ya mkononi, nami nawajibu, "Nimefurahi kusikia, na mama yako je?" Walidhani wananidhihaki. Mimi nilisimama pale nikihesabu: kijana anaitwa Bishal, mwenzake Suraj, Mfilipino wa ghorofa ya tano mama yake ana sukari. Miaka mitatu ya kutazama namba, na dhihaka ya wiki moja imefanya kazi ambayo makala zangu zote hazikuifanya. Acheni wacheke. Kwetu hiyo inaitwa salamu.

Bwana Filimbi anaitwa Thomas. Aliniletea ndizi za kukaanga kutoka kwenye lile katoni, siku ya nne, bila tabasamu, akanipa na karatasi yenye jina lake na namba ya simu, imeandikwa kwa herufi kubwa kama za ubao wa shule. Ndara sasa anazilaza ndani.

Na mwisho wa mwezi ukafika. Nilikuwa nimepata kitanda Discovery Gardens, mwisho kabisa wa mji, nikawa nakunja nguo zangu asubuhi ya Jumamosi, na begi liko wazi juu ya kitanda. Madam akaja akasimama kwenye pazia linalotufanyia kazi ya mlango wa chumba. Hakuwa na kawaida ya kusimama hapo. Akatazama begi, akatazama ukuta wa plaiwudi, akaugusa kwa kidole kama anaukagua.

"Unajua mimi nina presha," akasema.

Sikujua. Miaka mitatu, na sikujua. Mniongezee hiyo nayo kwenye deni la ile makala.

"Chumba changu nafunga kwa ndani. Natoka saa moja na nusu asubuhi, kila siku. Unanisikia?"

"Nakusikia, Madam. Mlango wako unalia."

"Basi. Saa mbili ikifika kama sijatoka..." Akaishia hapo. Mwanamke yule hajawahi kumwomba mtu kitu mbele yangu, na nadhani hakuwa na maneno yake.

"Nikupigie hodi ngapi?" nikamuuliza.

"Wewe si una hesabu yako." Akageuka kuondoka, kisha akasema bila kunitazama, "Na hizo nguo zitoe kwenye begi, zinajikunja."

Kwa hiyo nipo bado, kitanda kile kile, ghorofa ile ile. Mmetaka niape kwamba sitarudia, na kiapo nitawapa, kwa maandishi, mkitunze: naapa sitapiga tena hodi kwenye mlango wa mtu nikiwa na hina kichwani. Kuhusu hodi ya nne, ulizeni jengo.